Taa Iliwaka, Magurudumu ya Mbele Yakalala: Kisa cha Kununua Jimny Iliyotumika Dodoma

Kisa hiki ni cha mteja wangu wa Dodoma, na nimekiandika kwa ruhusa yake. Jina lake, majina ya vijiji, namba ya gari na kila kinachomgusa aliyemuuzia nimeviondoa. Fedha nimezizungusha kidogo, ila tofauti kati ya bei na bei nimeiacha ilivyokuwa. Mimi ni fundi magari, na ndiye niliyekagua gari lile kabla halijanunuliwa. Kosa kubwa lililomo humu ni langu.

Mnunuzi na njia zake

Mama Chanjo, ndivyo nitakavyomwita, ana duka la dawa za mifugo mjini. Duka linalipa pango na mshahara wa binti anayeuza, basi. Riziki yake hasa iko vijijini. Kila wiki anapakia chanjo za kuku kwenye makasha ya barafu na kuzungukia vijiji saba vya upande wa Bahi, pamoja na minada miwili. Wafugaji wanamtegemea. Kideri kikitangulia kufika kabla yake, banda lililokuwa na kuku arobaini linabaki na manyoya.

Kiangazi alikuwa anatumia bodaboda, na siku yenye mzigo anakodi Noah. Kifuku kikiingia, Noah zote zinaishia barabara kubwa. Sisi hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Msimu wetu ni mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Kwa mtu wa Bukoba hiyo ni mvua ndogo. Taabu yake iko kwenye namna inavyokuja: inashuka saa moja kwa nguvu juu ya ardhi iliyokauka miezi saba, maji hayapati pa kuingia, yote yanakimbilia makorongoni. Korongo ulilolivuka asubuhi kwenye mchanga mkavu, saa nane mchana ni mto. Kesho yake maji yameshapita, mchanga umebaki mbichi na umepangwa upya, na alama za tairi ulizokuwa unazifuata hazipo. Ukivuka salama unaikuta mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kupitisha kiganja, na ukilowa unaganda kwenye tairi kama ugali wa mtama kwenye mwiko.

Safari yake ya kawaida ni zaidi ya kilometa 50 za lami kwenda, kisha 20 hadi 35 za udongo. Alikuwa na milioni 15, nusu akiba yake na nusu mkopo wa kikoba. Alikuja kwangu katikati ya Oktoba, akataka gari kabla ya mvua za kwanza.

Nilimwambia aniandikie vitu vitatu kwenye karatasi: njia mbaya kuliko zote anazopita, mzigo mzito kuliko wote anaobeba, na kiasi ambacho hatakigusa hata akipenda gari vipi. Akaandika korongo moja kwa jina lake, makasha manne na watu wawili, na milioni mbili na nusu za matengenezo. Karatasi hiyo ilitusaidia zaidi ya ushauri wowote nilioutoa baadaye.

Magari matatu

Kuagiza Japani tulikuzungumza dakika kumi. Kwa viwango vya wakati ule, gari la zaidi ya miaka kumi lilibeba ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa ajili ya umri wake, na hapo ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 havijaguswa. Injini isiyozidi cc 1,000 ilisamehewa ushuru wa bidhaa wa kawaida, na hilo liliwapendelea wanaotaka magari madogo. Lakini kusubiri meli na kutoa gari bandarini kungetufikisha Januari. Tukatafuta yaliyopo nchini.

La kwanza lilikuwa RAV4 ya zamani, ile ambayo madalali wanaiita Kilitime. Kaka yake ndiye aliyeileta, na hoja yake ilikuwa ya mtu mzima: spea ziko kila kona, fundi yeyote anaijua, na siku ya kuuza inauzika. Niliikataa kwa sababu ya karatasi. RAV4 ile haina gia nzito, ile seti ya pili ya gia inayolifanya gari litambae polepole kwa nguvu nyingi, na pua yake iko chini kwa kingo za korongo aliloliandika. Kwa mtu wa mjini, Nzuguni au Ipagala, anayesumbuliwa na mtaa wenye mashimo, ningesema inunuliwe siku hiyohiyo.

La pili lilikuwa Escudo ya milango mitano, injini ya cc 2,000. Ina chesisi yake kamili, ina gia nzito, ina nafasi. Kwa maelezo yake lilifaa kuliko yote, na bei ilikuwa nzuri: milioni 10 na laki tatu.

La tatu lilikuwa Suzuki Jimny, aina ya JB23 yenye injini ya cc 660 na tabo (turbo), gia za mkono, na fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta, inayoingizwa kwa mtei, mkono mdogo kama wa gia ulio sakafuni. Gari la namba za usajili za mfululizo wa D, mmiliki mmoja tangu lilipoingia nchini. Aliyekuwa analiuza alitaka milioni 12 na nusu. Mama Chanjo alipoliona mara ya kwanza alisema, "Fundi, hili si la kuchezea watoto?" Nikamweleza kwamba uzito wake ni kama tani moja tu, kwamba ekseli zake za mbele na nyuma ni nzima kama za lori, na kwamba mchangani uzito mdogo una faida kuliko nguvu nyingi. Kwenye lami ndiko litakakomchosha: mwendo wake wa raha ni 80, na kwenye kilima gari la tani moja linalovutwa na cc 660 linaomba gia ya chini.

Kutu iliyokuja na gari

Escudo ile nataka kuikalia kidogo, maana wanunuzi wengi wa fowili wanaingia shimo lile bila kujua.

Kule Japani, mikoa ya kaskazini kama Hokkaido, theluji inalala barabarani miezi kadhaa. Barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ikichanganyika na maji ya theluji inarushwa na matairi hadi chini ya gari, inakaa kwenye viungo vya chesisi na kuila polepole. Sasa fikiria: ni gari gani hasa linalonunuliwa na mtu anayeishi kwenye theluji? Ni la fowili. Kwa hiyo unapotafuta gari dogo la fowili kutoka Japani, uwezekano wa kupata lililokulia kwenye chumvi ni mkubwa kuliko unapotafuta IST au Vitz ya mjini. Gari linafika kwetu, Dodoma kavu, kutu inapunguza mwendo lakini haiondoki, na nje rangi inang'aa.

Chini ya Escudo ile palikuwa peusi pote, pazuri, pamepakwa lami ya chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hadi kwenye kichwa cha kila bolti. Gari la miaka ishirini halina sababu ya kuwa safi hivyo chini. Nikachukua bisibisi bapa nikaanza kugongagonga kwa mpini, nikisikiliza. Mbele mlio ulikuwa wa chuma. Nilipofika juu ya ekseli ya nyuma, pale mkono wa ekseli unaposhikwa na chesisi, mlio ukawa wa kadibodi. Nikageuza bisibisi nikasukuma kwa kiganja, bila kupiga. Ikazama hadi nusu. Nilipoitoa, vipande vyembamba vya kutu vilishuka kifuani mwangu kama majani makavu ya chai, na juu yake rangi nyeusi ikabaki imening'inia kama ngozi.

Nikamwita Mama Chanjo aje alale chini aone mwenyewe, na akalala na kanga yake. Dalali akasema, "Bosi, hapo ni welding ya elfu hamsini tu." Pale panaposhikilia ekseli ya nyuma hapachomelewi kwa elfu hamsini. Tukaondoka.

Ukaguzi wa Jimny

Kwenye Jimny nilifanya kazi niliyozoea, na sehemu kubwa niliifanya vizuri. Nilimwomba mwenye gari asiliwashe asubuhi hadi nifike, ili nisikie injini ikiamka na baridi. Moshi wa samawati haukuwapo, wala tabo haikulia. Chesisi ililia chuma kote. Oili ya difu ya mbele, gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ilikuwa safi, haina rangi ya maziwa ambayo ingesema imewahi kuzama majini.

Barabarani, kwenye mwendo wa 70 hivi, usukani ulianza kutikisika mikononi, kwanza polepole, kisha kama mtu anayetetemeka kwa malaria, hadi nilipoachia mafuta. Ugonjwa huo unajulikana kwa Jimny. Mara nyingi chanzo ni beringi za kingpini zilizolegea, zile zinazobeba gurudumu linapokata kona, na tairi zisizokuwa na balansi huzidisha. Nikaliinua upande mmoja, nikashika tairi juu na chini nikatikisa, likacheza. Mwenye gari aliona. Bei ikashuka kutoka milioni 12 na nusu hadi 11 na laki nne.

Karatasi nazo zilikuwa sawa. Namba ya chesisi ilifanana na ya kwenye kadi, jina la kwenye kadi lilikuwa la aliyesimama mbele yetu na kitambulisho chake, na deni la faini za barabarani lilionekana kwa namba ya gari: moja ya mwendokasi, akailipa palepale kwa simu.

Ikabaki fowili. Tulikuwa kwenye uwanja wa nyumba yake, umepangwa matofali. Nikavuta mtei, nikausikia umeingia kwenye transfa, kisanduku cha gia kinachopeleka nguvu mbele na nyuma, taa ya 4WD ikawaka kwenye dashibodi. Nikasogea mbele mita tano, nikarudi. Mama Chanjo akasema, "Fundi, tusilipeleke pale korongoni nyuma ya makaburi tukalijaribu kwenye mchanga?" Mwenye gari akadakia kwamba ameliosha asubuhi ile, na mafuta yaliyomo ni ya kufika sheli tu.

Mimi nikasema: "Haina haja, mama. Taa inawaka, na transfa naisikia imeshika."

Nikienda korongo lile kwa mguu sasa, ni dakika nane.

Wiki iliyofuata mauziano yakaandikwa kwa mwanasheria, umiliki ukahamishwa, nikabadilisha beringi za kingpini na kupiga balansi. Mtikisiko ukaisha. Matairi tuliyaacha. Yalikuwa ya lami, nusu yameisha, na saizi yake ya 175/80 R16 haikuwapo kwenye duka la kwanza wala la pili. Tukasema tutayatafuta taratibu.

Siku ya mchanga

Wiki ya pili ya Desemba ilinyesha usiku. Asubuhi akapakia makasha matatu, akamchukua binti wa dukani, akatoka saa kumi na mbili. Lami ikaenda vizuri, udongo ukaenda vizuri. Saa tatu alifika kwenye korongo aliloliandika kwenye karatasi yangu.

Maji yalikuwa yamepita usiku. Akashuka akalipima kwa miguu, kama nilivyomfundisha, akaona mchanga unazama hadi kifundo. Akaingiza fowili, taa ikawaka, akaweka gia nzito, akashuka taratibu. Katikati gari likasita. Akaongeza mafuta kidogo. Tairi za nyuma zikachimba. Baada ya nukta chache gari lilikuwa limekalia ekseli ya nyuma, na taa ya 4WD bado inawaka mbele ya macho yake.

Hawakuwa na sepeto. Wakachimba kwa sahani na kifuniko cha kasha. Kila akijaribu, nyuma panazama zaidi. Baada ya saa moja na nusu akapita mzee na vijana wawili na jozi mbili za maksai, wanatoka kulima. "Mbukwenyi," wakasalimiana. Mzee hakuanza na ng'ombe. Alichuchumaa pembeni ya gari akamwambia, "Hebu lisukume tena kidogo, mwanangu, nione." Akaangalia. Kisha akanyoosha fimbo kwenye gurudumu la mbele: "Haya yamelala. Yanayofanya kazi ni ya nyuma peke yake."

Akanipigia simu pale mtandao ulipopatikana, juu ya ukingo. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Fundi, ya mbele hayazunguki. Mzee ameyaona kwa macho."

Mnyororo wa plau ulifungwa kwenye ndoano ya mbele, maksai wanne wakavuta, gari likatoka. Ilikuwa inakaribia saa saba. Barafu lilikuwa limekwisha. Chanjo ya kideri inayotengenezwa hapa nchini huvumilia joto kwa muda, hiyo aliiokoa. Ya Gamboro, ugonjwa mwingine wa kuku, haivumilii. Akaitupa yote, na mzigo uliopotea ulikuwa wa laki tatu na nusu. Kijiji cha mwisho hakukifikia wiki ile.

Tulichokikuta gereji

Jimny za aina ile hazifungi magurudumu ya mbele moja kwa moja. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna habu, na ndani yake kuna pete inayosogezwa ili ishike ekseli na gurudumu kwa pamoja. Pete hiyo husogezwa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini na kupita kwenye mipira myembamba hadi kwenye gurudumu. Mpira ukipasuka, au sili ya ndani ikiacha hewa ipite, pete haisogei. Transfa itaingia, propela ya mbele, ule mhimili unaotoka kwenye transfa kwenda kwenye difu, itazunguka, difu ya mbele itazunguka, hata ekseli zitazunguka, lakini gurudumu lenyewe litakaa kama lilivyo.

Na taa? Kwenye gari lile taa ilikuwa inafuata mtei wa transfa. Ilikuwa inasema kweli, ila ilikuwa inasema habari ya transfa. Habari za habu haikuwa nazo.

Upande wa kushoto mpira ulikuwa umepasuka pale unapojikunja gurudumu likikata kona, umekauka kabisa. Joto na vumbi la huku havina huruma na mpira. Upande wa kulia mpira ulikuwa mzima, ila sili ya ndani ilikuwa imeliwa na grisi ilikuwa imechanganyika na mchanga. Ule mchanga haukuwa wa siku ile. Ulikuwa mgumu, umeshikamana. Fowili ya gari hilo ilikuwa imekufa siku nyingi kabla hatujalinunua. Mwenye gari, aliyekuwa analiendesha mjini kwenye lami, huenda hakuwahi kujua, na mimi sina sababu ya kumshutumu. Kazi ya kujua nilipewa mimi, na nililipwa.

Uamuzi wa matengenezo

Njia zilikuwa mbili. Kwanza, sili na mipira mipya pande zote, kama laki tatu na themanini, gari libaki lilivyotoka kiwandani. Pili, kuondoa habu za hewa na kufunga za kuzungusha kwa mkono, laki saba.

Mama Chanjo aliuliza swali moja tu: za hewa zitakaa muda gani? Nikamjibu kwamba kwa njia zake, mchanga na maji kila wiki, sitathubutu kumhakikishia misimu miwili. Akauliza za mkono zina ubaya gani. Ubaya wake ni kwamba lazima ushuke gari kuzifunga. Lakini unaweza kuzifunga asubuhi nyumbani, ukaendesha lami yote habu zikiwa zimefungwa na mtei ukiwa kwenye magurudumu mawili. Hakuna kinachoharibika, mafuta yanaongezeka kidogo tu. Kisichofaa ni kuingiza mtei wa fowili kwenye lami kavu. Fowili ya namna ile haina difu ya katikati, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapati nafasi ya kutofautiana mwendo kwenye kona, na mkazo wote unaishia kwenye transfa.

Akachagua za mkono. Nusu ya bei ya habu nililipa mimi, na ufundi sikutoza. Hatukubishana juu ya hilo.

Tukanunua pia matairi manne yenye meno ya wastani, yaliyochukua siku tisa kupatikana, sepeto fupi, kamba ya kuvutia, na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari. Fedha zote zilitoka kwenye zile milioni mbili na nusu alizozitenga.

Msimu uliobaki

Kuanzia katikati ya Januari hadi Aprili alikwenda kila wiki isipokuwa mbili. Korongo lilelile alilivuka kwa upepo wa tairi ulioshushwa hadi PSI 16, akiupandisha tena upande wa pili. Kushusha upepo kulimsaidia karibu sawa na habu zenyewe, maana tairi iliyolegea inakanyaga eneo kubwa na haichimbi. Wiki mbili alizokosa zilikuwa za mbuga. Pale hata gari zima lililofungwa kila kitu linakuwa mpira wa tope, na yeye alifanya jambo la busara: alilala kijijini hadi jua lilipokausha uso wa njia.

Mafuta anapata kilometa 12 hadi 13 kwa lita, lami na udongo pamoja. Mzigo ndio unaombana. Makasha manne yakiingia, kiti cha nyuma hakipo.

Uchambuzi

Kilichotuokoa kwa sehemu kubwa ni karatasi yake ya vitu vitatu. Bila hiyo, kaka yake angeshinda kwa hoja ya spea, na mimi ningeshinda kwa kupenda kwangu Escudo. Fedha ya pembeni nayo ilifanya kazi yake. Wengi wanaokuja kwangu wananunua gari kwa fedha yote waliyo nayo, kisha gari linasimama uani miezi mitatu likisubiri laki saba. Kwa gari dogo la fowili la umri ule, chini ya asilimia 15 ya bajeti kuwekwa pembeni mimi siikubali tena.

Kwa kosa langu, nimejiuliza kwa nini nililifanya, kwa sababu fundi wa miaka mingi haachi jaribio kwa uvivu tu. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa Land Cruiser za miradi, ambazo habu zake ni za kuzungushwa kwa mkono. Ukizifunga, unaziona kwa macho. Kwa hiyo mkono wangu ulizoea kwamba habu si kitu cha kutiliwa shaka, na sikio langu lilizoea kusikiliza transfa. Nililikagua gari jipya kwangu kwa mazoea ya gari jingine. La pili, bei ilikuwa imeshashuka, karatasi ziko sawa, wote tumechoka, na mwenye gari ametutazama kwa macho ya mtu anayetaka kumaliza. Hapo ndipo mnunuzi alipotoa wazo sahihi, na mimi nikalizima kwa neno la kitaalamu. Yeye alikuwa anaijua njia. Mimi nilikuwa najua gari, tena kwa nusu.

Jaribio lenyewe ni la dakika kumi, na sasa silikosi. Weka mawe nyuma na mbele ya tairi za nyuma, vuta breki ya mkono. Injini ikiwa inaunguruma na gia iko katikati, ingiza mtei wa fowili. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, hadi liache ardhi tu. Lishike kwa mikono miwili ulizungushe. Habu zote mbili zikiwa zimeshika, gurudumu litacheza kidogo kisha litagoma, kwa sababu propela ya mbele imefungwa na ya nyuma na gurudumu la upande wa pili liko chini. Likizunguka kwa raha, habu mojawapo haishiki, au zote mbili.  Baada ya hapo, mchanga. Dodoma hakuna mtu anayekaa mbali na korongo. Mwenye gari akikataa, mafuta nunua wewe na kuosha lipia wewe; ni elfu kumi na tano.

Matairi ni kosa la pili, na tulilifanya tukiwa watatu wenye akili timamu. Hata habu zingekuwa nzima siku ile, tairi za lami zilizoisha nusu, zenye upepo wa barabarani, zingeweza kumzamisha palepale. Nilipaswa kuuliza upatikanaji wa saizi ile kabla hatujataja bei, kwa kuwa ni sehemu ya bei.

Kuna jambo moja ambalo hatujakubaliana hadi leo. Kaka yake anasema tungesubiri Escudo nyingine isiyo na kutu, yenye nafasi ya makasha sita. Biashara imekua, na anachosema kina uzito. Mimi nasema Escudo nzito kwa kilo mia tatu au zaidi isingetoka kwenye lile korongo kwa maksai wanne. Mama Chanjo mwenyewe ameanza kupanga kasha moja juu ya paa, jambo ambalo nimemkataza, kwa sababu Jimny ni nyembamba na ndefu kwenda juu, na kingo za makorongo zimeinama. Mwezi wa nane, kabla ya msimu mwingine, tumepanga kupima kama kreti ya nyuma inaweza kufungwa kwenye chesisi bila kuizidishia ekseli mzigo. Vipimo nimeshavichukua.